Vumbi la Mtwara Lisihamishiwe Kisiwa

Bandari ya Mtwara imeamka. Hilo halina ubishi, na kila anayeitakia heri mikoa ya kusini hana budi kulifurahia. Gati ambalo kwa miaka mingi lilingoja msimu wa korosho ndipo lipate meli, limekuwa likipokea meli kubwa zinazobeba makaa ya mawe kwa makumi ya maelfu ya tani. Lakini furaha haizuii fikra. Pamoja na makaa hayo limekuja vumbi, na pamoja na vumbi limekuja swali ambalo watumishi wa umma, walimu na viongozi wa ngazi zote wanapaswa kulijibu mapema. Je, bandari ya mizigo ya namna hii ipimwe kwa tani peke yake, au ipimwe pia kwa namna inavyoishi na majirani zake?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu Serikali imekwisha kuamua kwamba makaa ya mawe, saruji na mizigo mingine ya jinsi hiyo iondolewe katika bandari ya mjini na kuhudumiwa katika bandari mpya ya Kisiwa-Mgao, nje ya mji wa Mtwara. Mizigo hiyo imepewa jina la "mizigo michafu". Nia ya uamuzi huo ni njema, maana makaa hayafai kukaa jirani na korosho, chakula na makazi ya watu. Hata hivyo, jina lenyewe latosha kuwa onyo. Mzigo ulio mchafu kwa watu wa mjini hauwi safi kwa sababu tu umefikishwa kijijini. Kisiwa ikipokea mzigo bila kupokea kinga, uchafu utakuwa haukuondolewa bali umehamishwa, kutoka kwa wenye sauti hadi kwa wasio na sauti.

Kusini inayo kumbukumbu ya miradi mikubwa iliyokuja kwa kishindo ikaondoka bila kuaga. Bandari ya Mtwara yenyewe ni mtoto wa mradi wa namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya Kiingereza iliamua kulima karanga katika Tanganyika ili ipate mafuta yaliyokuwa adimu kwao. Mapori yakafyekwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikatandikwa reli, na bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36, na karanga zilizotarajiwa hazikuonekana. Bandari ilifunguliwa 1954, mradi uliyoizaa ukiwa umekwisha kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, kisha ikang'olewa. Wakoloni hawakumwuliza mkulima wa Nachingwea kama udongo wake wafaa kwa kilimo cha matrekta. Waliobaki na visiki na tuta la reli tupu ndio wale wale ambao hawakuulizwa.

Baada ya Uhuru, kusini ilibeba mzigo mwingine, na huo ulikuwa wa heshima. Tangu 1964 hadi 1974, ndugu wa Msumbiji walipokuwa vitani dhidi ya Wareno, mikoa ya kusini iliwapokea wakimbizi na wapigania uhuru wa FRELIMO, ambao walikuwa na kambi yao Nachingwea. Katika miaka hiyo usalama wa mpaka ulitangulia barabara na viwanda. Hata baada ya vita, na mpaka Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa 2003, safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara wakati wa mvua ilikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo mwananchi wa Mtwara anapoiona meli kubwa ikiingia bandarini ana haki ya kusema kwamba zamu yake imefika. Kwa sababu hiyo hiyo, zamu yake isichezewe.

Wala zamu hiyo haikuja kwa bahati. Serikali ilijenga gati jipya lenye urefu wa mita 300 kwa gharama ya shilingi bilioni 157.8. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Magufuli mwezi Machi 2017, na kazi ilipokamilika uwezo wa bandari ulipanda kutoka tani 400,000 hadi tani milioni moja kwa mwaka. Mnamo Novemba 2021 makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma yalianza kupakiwa Mtwara kwa wingi kwenda ng'ambo. Miezi mitatu baadaye, Februari 2022, vita vikazuka Ukraine. Nchi za Ulaya zikapiga marufuku makaa ya Urusi, na marufuku hayo yalipoanza kutumika Agosti 2022 wanunuzi walikuwa wanahangaika kila pembe ya dunia. Makaa ya Tanzania yakapata soko India na hata Ulaya. Katika mwaka wa fedha 2022/23 bandari ya Mtwara ilivuka tani milioni moja.

Yafaa ieleweke vizuri kazi hiyo inavyofanyika, maana asiyeijua kazi hawezi kuisimamia. Shehena kichele ni mzigo unaomiminwa melini kama ulivyo, bila gunia wala kontena. Faida yake ni wepesi na unafuu wa gharama. Hasara yake ni kwamba kila unapohamishwa, kutoka mgodini hadi kwenye lori, kutoka kwenye lori hadi yadi, kutoka yadi hadi gatini, na kutoka gatini hadi tumboni mwa meli, sehemu ya mzigo hupeperuka. Korosho zikimwagika huokotwa. Vumbi la makaa haliokotwi na mtu. Huishia juu ya mabati, katika visima, juu ya majani ya mboga na ndani ya mapafu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Meli moja ya makaa yaweza kubeba tani 60,000. Lori moja likichukua tani 30, meli hiyo itahitaji safari 2,000 za malori yaliyojaa, na safari nyingine 2,000 za malori yanayorudi matupu. Kutoka machimbo ya Mbinga hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600. Maana yake ni kwamba ili meli moja tu ijae, barabara ya kusini hukanyagwa kwa kilomita zaidi ya milioni mbili na laki nne, kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi na Ndanda. Kando ya barabara hiyo zipo shule, zahanati, magulio na visima. Kwa hiyo jirani wa bandari si yule tu anayeiona bahari. Mtoto wa Tunduru anayevuka barabara kwenda shule asubuhi ni jirani wa bandari sawa na mvuvi wa Shangani.

Vumbi lenyewe lina tabia zake. Chembe kubwa huanguka karibu na rundo. Chembe ndogo husafiri na upepo, na hizo ndizo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Pwani ya Mtwara ina pepo mbili kuu zinazopishana, kusi na kaskazi, hivyo nyumba iliyosalimika kwa nusu ya mwaka huweza kupata zamu yake katika nusu ya pili. Mvua zikinyesha juu ya rundo lisilo na mifereji, maji meusi hutiririka kuelekea baharini. Na makaa yakirundikwa ovyo kwa muda mrefu, hewa ikapenya kati yake, huweza kupata joto yenyewe hata yakafuka moshi bila ya mtu kuyawasha. Hakuna siri katika mambo haya. Ni elimu ya kawaida kwa kila mhandisi wa bandari.

Dawa nayo yajulikana. Malori yafunikwe turubai tangu mgodini, na magurudumu yaoshwe kabla gari halijatoka yadi. Marundo yashindiliwe, yanyunyiziwe maji na kuzungushiwa kuta za kuzuia upepo. Makucha ya winchi yateremshwe ndani kabisa ya tumbo la meli kabla ya kufunguliwa, yasifunguliwe juu kwa haraka ya kumaliza zamu. Kazi isimame upepo unapozidi kipimo kilichowekwa. Mifereji ipeleke maji katika mabwawa ya kutuamisha, si katika mikoko. Mikanda ya kupakia ifunikwe. Na zaidi ya yote, viwekwe vipimo vya vumbi katika makazi ya watu, na matokeo yake yabandikwe mahali ambapo mwananchi atayasoma bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Nchi nyingine za Afrika zimekwisha kupita njia hii, na si aibu kujifunza kwao. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, makaa ya Moatize husafirishwa kwa reli ya kilomita zipatazo 900, ambayo hukatiza katika ardhi ya Malawi, hadi gati la Nacala-a-Velha. Gati hilo lilijengwa upande wa pili wa ghuba, mbali na bandari ya zamani ya Nacala. Wazo hilo halitofautiani na lile la Kisiwa: kuyatenga makaa. Lakini wenzao hawakutegemea umbali peke yake. Waliyatenga makaa kwa reli, kwa mashine za kupakua mabehewa na kwa mikanda ya kupakia meli. Na hata hivyo hawakusalimika na matatizo ya watu. Mnamo Januari 2012, familia zilizohamishiwa Cateme ili kupisha mgodi zilifunga reli ya makaa kwa malalamiko ya nyumba, maji na ardhi ya kulima. Mashine zilikuwa za kisasa. Mashauriano ndiyo yaliyokuwa duni.

Kusini zaidi, katika Afrika ya Kusini, gati la madini ya chuma la Saldanha lilianza kazi 1976. Tangu hapo vumbi jekundu limekuwa likipaka kuta za nyumba za mji huo, na malalamiko ya wakazi yamedumu kwa miaka mingi. Fundisho la Saldanha ni kwamba vumbi lisilozuiwa mwanzoni huwa gumu sana kuzuiwa baadaye, mikataba ikisha kutiwa sahihi na meli zikisha kuzoea ratiba. Mtwara na Kisiwa zina bahati ya kulijua hilo mapema. Bahati hiyo ikipotezwa, kisingizio cha kutojua hakitakuwapo.

Sasa itazamwe Kisiwa na vijiji jirani vya pwani ya Mtwara. Watu wa huko huishi kwa bahari. Wanaume hutoka na ngalawa na mitumbwi. Wanawake hushuka maji yakitoka kuchokoa pweza na kuokota chaza. Mwani umekuwa ukilimwa katika vijiji vya pwani hiyo kwa miongo kadhaa. Mwani huhitaji maji maangavu ili mwanga wa jua uufikie. Pweza huhitaji mwamba usiofunikwa na tope. Samaki wadogo hukulia katika mikoko. Uchimbaji wa mlango wa bandari, hata ukifanywa kwa ustadi, huyatibua maji, na njia ya meli huwafungia wavuvi sehemu waliyozoea kutega. Hasara hizi hazionekani katika vitabu vya bandari, kwa kuwa mwanamke aliyerudi na kapu tupu hana stakabadhi ya kuonyesha. Lakini hasara isiyo na stakabadhi ni hasara vile vile, na mpango wa fidia usioitambua bahari kuwa ndilo shamba la mvuvi ni mpango wenye upungufu.

Hapa ndipo linapokuja suala la uhusiano wa bandari na jamii. Imekuwa desturi, si Mtwara tu bali kila mahali penye shughuli kubwa, kwamba uhusiano huo huonyeshwa kwa misaada. Madawati hukabidhiwa shuleni, mashuka hupelekwa hospitalini, jezi hugawiwa kwa timu ya mpira, picha zikapigwa na hotuba zikatolewa. Misaada hiyo haipaswi kubezwa. Mtoto aliyekuwa akiketi chini anajua thamani ya dawati. Lakini msaada ni kitu kimoja na wajibu ni kitu kingine, na dawati halilipi deni la vumbi. Mwalimu anayepokea madawati 50 mbele ya kamera, kisha akayafuta masizi kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, anaijua tofauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Ujirani mwema wa bandari huanza ndani ya kazi yenyewe. Kwanza, kazi iwe safi. Pili, majirani waelezwe ukweli kabla ya jambo kutendeka. Tatu, ajira na biashara zinazozaliwa na bandari ziwafikie wao kabla ya wageni. Nne, fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, kama sheria za ardhi za 1999 zinavyotaka. Baada ya hayo manne ndipo madawati yaje, nayo yatapokewa kwa moyo mweupe. Yakitangulia hayo manne, yataonekana kuwa ni kifunga mdomo.

Kusini imekwisha kuonja matunda machungu ya kutoelezwa. Mwaka 2013, katika Januari na tena katika Mei, suala la bomba la gesi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam liliwasha ghasia. Watu walikufa, mali za umma na za watu binafsi zikateketezwa. Uvunjaji wa sheria hauna utetezi, na hapana anayepaswa kuutafutia. Lakini kiongozi mwenye busara hajifichi nyuma ya kosa la mwananchi ili asilione lake. Gesi ni mali ya taifa zima, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Ila ukweli uliochelewa kufika hukuta uvumi umekwisha kuketi mahali pake. Wananchi walitaka kujua wao watabaki na nini. Jibu lilipokuja, wengi walikuwa wamekwisha kuacha kusikiliza. Makaa yasirudie njia ya gesi.

Vyombo vya kuzuia marudio hayo vipo, na vingi vimewekwa na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yadai tathmini ya athari ifanywe kabla mradi mkubwa haujaanza, na humpa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira yake. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, humtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na akubaliane na halmashauri ya mahali alipo. Jambo hilo ni zuri, lakini lina pengo. Mgodi uko Ruvuma. Vumbi la kupakia liko Mtwara. Malori yako katika wilaya zote zilizo kati yake. Halmashauri ya Tunduru, ambayo hupitiwa na mzigo bila ya kuwa na mgodi huo wala bandari, ina mezani pake sehemu gani ya mpango huo? Yafaa wahusika wote watatu, yaani wenye migodi, wenye malori na wenye bandari, wakae pamoja na halmashauri zote za njia hiyo na kuwa na mpango mmoja unaosomwa hadharani. Shughuli ni moja. Wajibu nao usikatwe vipande vipande hata kila mmoja akapata pa kuutupia.

Hapo mtumishi wa umma ana kazi kubwa zaidi ya kupokea barua na kuzigonga muhuri. Ofisa mazingira asiyefika yadi wakati wa usiku, malori yanapomwaga, hawezi kusema anaijua yadi hiyo. Ofisa ardhi anayeandika daftari la fidia akiwa ofisini ataisahau minazi na mikorosho, na akiisahau yeye, familia nzima itaisahau haki yake. Ofisa uvuvi asipoandika leo kiasi cha samaki, pweza na mwani kinachopatikana Kisiwa na jirani zake, kesho hapana atakayeweza kuthibitisha kilichopungua. Mtendaji wa kijiji anayeitisha mkutano mkuu kwa ajili ya kutangaza tu, bila ya kuruhusu maswali, ameitisha mkutano bure. Mkutano wa kijiji uliwekwa ili wananchi waamue na wahoji, na ni vyema wenye bandari nao wafike hapo, waketi kwenye benchi pamoja na wengine, na wajibu wanayoulizwa.

Walimu nao wasijione kuwa ni watazamaji. Katika vijiji vingi vya pwani na vya kando ya barabara, mwalimu ndiye msomi wa karibu anayeaminiwa na watu. Aweza kuwasomea wazazi taarifa ya tathmini iliyoandikwa kwa lugha ngumu. Aweza kuwafundisha watoto kanuni za kuvuka barabara ambayo wazazi wao walipokuwa wadogo haikuwa na lori hata moja la makaa. Aweza kuweka daftari la siku ambazo wanafunzi wamekosa masomo kwa kikohozi, na daftari hilo likawa ushahidi usiokanushika. Somo la jiografia lafaa litoke kitabuni liende ufukoni: upepo unavuma toka wapi, maji yanatiririka kwenda wapi, makaa yanatoka wapi na yanakwenda kuwasha nini. Mtoto anayefundishwa hivyo hatakuwa mtu wa kudanganywa na uvumi, wala na takwimu zilizopambwa.

Wafanyakazi wa bandari wasisahauliwe katika hesabu hii. Wao ndio majirani wa kwanza wa vumbi. Kibarua anayefagia gati bila kitambaa cha maana cha kuziba pua, au dereva anayelala chini ya lori lake akingoja zamu ya mizani, hubeba sehemu ya gharama ambayo haimo katika bei ya makaa. Vifaa vya kinga, maji ya kuoga, mahali pa kupumzika na uchunguzi wa afya mara kwa mara si hisani. Vilevile vijana wa Mtwara Vijijini wasiachwe katika kazi za kufagia na kulinda peke yake. Chuo cha ufundi kipo Mtwara, na uendeshaji wa mitambo, umeme wa mikanda na utunzaji wa mizani ni ufundi unaofundishika. Bandari itakayoingiza waendesha mitambo wote kutoka mbali na kumwachia kijana wa Kisiwa ufagio isishangae akiitazama kama mali ya wageni.

Yupo atakayesema kwamba masharti haya yatapandisha gharama na kuwafukuza wanunuzi. Hoja hiyo yastahili jibu. Bei ya makaa katika soko la dunia ilipanda kupita dola 400 kwa tani mwaka 2022, na kabla ya mwaka 2023 kufika nusu ilikuwa imekwisha kushuka chini ya dola 150. Hayo hayakusababishwa na turubai za Mtwara, bali na vita na masoko ya mbali. Soko lililokuja kwa sababu za wengine laweza kuondoka kwa sababu za wengine, kama karanga zilivyoondoka. Litakapoondoka, kitakachobaki ni kile kilichojengwa na kulindwa: gati, barabara, ujuzi wa vijana, afya ya watu, na bahari yenye samaki. Bandari ambayo imeyalinda hayo itapata mzigo mwingine. Bandari iliyoyapoteza kwa ajili ya meli za miaka michache itakuwa imeuza shamba ili inunue mavuno ya msimu mmoja.

Kwa sababu hiyo mpango wa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, usichukuliwe kuwa ndoto ya kutajwa majukwaani. Mzigo mzito wa masafa marefu ni kazi ya reli. Kila mwaka unaopita bila reli ni mwaka wa barabara kupondwa, na ukarabati wake hulipwa na mkulima wa korosho na mtumishi wa mshahara, ambao hawana hata gunia moja la makaa.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu walitangulizwa, na fedha haikutajwa miongoni mwa hayo manne. Miaka mingi imepita na mengi yamebadilika katika uchumi wa nchi, lakini mpangilio huo ungali kipimo kizuri cha kumpimia kila anayesimamia mradi wa umma. Viongozi wa Chama katika mashina na matawi ya Mtwara, Kisiwa na vijiji vya barabarani hawana budi kuutumia. Kazi ya Chama haikuwa kamwe kuwatetea wenye malori mbele ya wananchi, bali kuyafikisha ya wananchi mahali yanapoweza kuamuliwa.

Makaa ya Ruvuma yachimbwe, yasafirishwe na yauzwe, maana ni mali ya Watanzania na kuyaacha ardhini wakati wananchi wanahitaji shule na dawa si busara. Bandari ya Kisiwa-Mgao nayo ihudumie mizigo iliyokusudiwa. Lakini siku meli ya kwanza ya makaa itakapofunga kamba huko, asiulizwe mkuu wa bandari peke yake ni tani ngapi zimepakiwa. Aulizwe na mama wa Kisiwa kama nguo alizoanika asubuhi zimeanuliwa zikiwa safi. Jibu lake liandikwe katika daftari lile lile la tani, na lihesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya siku hiyo.